Maziwa ya Mama au ya Kopo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Tanga

Maswali haya ni yale yanayorudi kila siku ya kliniki, kuanzia Makorora hadi Pongwe, na mengine huulizwa kwa sauti ya chini mlangoni, nesi akishafunga daftari. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, tumekuelekeza huko.

## Kabla ya kuamua

Kipi bora kwa mtoto?

Maziwa ya mama. Yana kinga ambazo hakuna kiwanda kilichoweza kuzitia koponi, na mtoto anayenyonya hupata kuhara, nimonia na maradhi ya masikio kwa uchache zaidi. WHO na UNICEF wanashauri aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Kwa Waislamu hili si geni: aya ya 233 ya Suratul Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza.

Hata hivyo mtoto wa kopo hukua vizuri kopo likitayarishwa sawasawa. Kwa hiyo anayefikiria kopo ajiulize: nyumbani kwetu nani atachemsha maji saa 8 usiku, kwa moto gani, na fedha ya kopo la wiki ijayo ipo? Watoto wa kopo wanaolazwa kwa kuhara mara nyingi wameponzwa na maji, chupa au kijiko.

Ndani ya kopo kuna nini?

Mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa protini na chumvi, yakaongezwa mafuta ya mimea, sukari ya maziwa, madini ya chuma na vitamini. Namba 1 ni ya tangu kuzaliwa. Namba 2 ni ya kuanzia miezi 6. Namba 3 ni ya baada ya mwaka, na kwa mtoto mwenye afya anayekula vizuri haina ulazima wowote.

Unga huo haukuuliwa vijidudu vyote kiwandani. Kumbuka hili ukifika kwenye swali la namna ya kutayarisha.

Yatanigharimu kiasi gani?

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hesabu kwa makopo. Mtoto mchanga huhitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 5 hunywa mililita 750. Kopo la gramu 400 hutoa karibu lita 3, basi linakwisha siku ya nne. Kwa mwezi ni makopo 7 au 8. Kwa miezi 6 ya mwanzo ni karibu kilo 20 za unga, yaani makopo 50.

Uliza bei ya kopo moja kwenye duka la dawa unalopita, zidisha mara 50, ongeza mkaa au gesi ya kuchemshia mara sita hadi nane kwa siku. Baba mtoto naye aione hesabu hiyo kabla hajasema "mpe kopo tu". Mama anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 za ziada kwa siku, ambazo ni sahani moja ya wali na maharage na kipande cha samaki.

Tanga ina maziwa mengi ya ng'ombe. Kwa nini nisimpe hayo?

Mpe mama yake. Chini ya miezi 12 maziwa ya ng'ombe hayafai kuwa maziwa makuu ya mtoto: protini na chumvi zake ni nyingi kwa figo changa, madini ya chuma ni machache mno, na yanaweza kumtoa mtoto damu kidogo kidogo tumboni mpaka akapungukiwa damu bila mtu kuona. Ya mbuzi nayo yamepungukiwa foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu. Ule mtindo wa zamani wa kuzimua kwa maji na kutia sukari hauzibi mapengo hayo, ndiyo maana haushauriwi tena. Akifika mwaka, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanamtosha.

## Kunyonyesha

Nimejifungua leo na maziwa hayatoki. Nimpe nini?

Mpe ziwa. Kinachotoka siku ya kwanza ni dang'a, mazito, ya njano, machache, na ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote. Tumbo la mtoto wa siku moja hubeba mililita 5 hadi 7, kijiko kimoja cha chai. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4, na huja kwa sababu mtoto amevuta.

Maji ya sukari, maji ya moto yaliyopoa, dawa ya chango: vyote vinamjaza, anasinzia, havuti, na maziwa yanachelewa zaidi. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida. Akipungua zaidi ya asilimia 10, au asipourudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili, aonwe na daktari. Aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kunyonyesha mara akiwa macho. Mtoto alazwe ubavuni, miguu yake ikielekea nyuma ya mama, asiguse mshono.

Na tende ya tahniki, ile desturi ya Waislamu ya kumpaka mtoto mchanga tende kaakaani?

Anayefanya aoshe mikono kwa sabuni, alainishe kiasi kidogo sana cha tende safi, apake juu ya kaakaa, pasibaki kipande cha kumkaba. Kisha mtoto arudi kwenye ziwa. Asali usitie kabisa kabla ya miezi 12. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto hata ile ya kupumulia.

Nitajuaje anashiba wakati sioni anakunywa kiasi gani?

Angalia kinachotoka. Kuanzia siku ya 5 au ya 6 alowanishe nepi sita au zaidi kwa saa 24, mkojo uwe mweupe. Ukitumia pampasi ni vigumu kujua, hivyo mvalishe nepi ya kitambaa kwa siku moja uhesabu. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki upande. Kulia peke yake si kipimo. Mtoto hulia kwa joto, kwa usingizi, na kwa kutaka kubebwa.

Chuchu zinauma mpaka natoa machozi. Ni kawaida?

Maumivu madogo ya sekunde chache mwanzoni, ndiyo. Maumivu ya muda wote wa kunyonya, hapana. Karibu kila mara mtoto ameshika chuchu tu badala ya kujaza ziwa mdomoni.

Mweke tumbo lake likutane na tumbo lako, sikio, bega na nyonga vikiwa mstari mmoja. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, ngoja afunue kinywa kama anayepiga mwayo, ndipo umsogeze yeye kwenye ziwa. Usiinamishe ziwa kwake. Akishika vizuri, kidevu kinagusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Utasikia anameza. Ukisikia mlio wa kubusu, au mashavu yakibonyea ndani, ameshika vibaya. Usimvute! Ingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake, aachie, muanze upya, hata mara tano.

Chuchu iliyopasuka ipake maziwa yako mwenyewe ya mwisho, iache ikauke kwa hewa. Sabuni huzidi kuipasua.

Maziwa yangu hayatoshi. Niongeze kopo?

Subiri kwanza. Ziwa linatengeneza kadiri linavyotolewa. Kila chupa ya kopo unayompa ni safari moja ambayo mtoto hakuvuta, na ziwa linahesabu kwamba maziwa hayo hayahitajiki. Baada ya wiki mbili za "kuongezea kidogo" maziwa yanakuwa machache kweli, na mama anaambiwa, "Si tulisema?"

Karibu na wiki ya 3, ya 6 na mwezi wa 3 watoto wengi huvuta bila kupumzika siku mbili tatu, hasa jioni. Anaagiza maziwa ya wiki ijayo. Mnyonyeshe kila anapotaka, ziwa la kwanza liishe ndipo umpe la pili, na usiruke usiku. Ziwa kulainika baada ya wiki kadhaa si dalili ya kukauka.

Supu ya pweza na uji wa pilipili manga anavyoletewa mzazi wa arobaini havina ubaya. Vinamshibisha na kumpa maji. Lakini pweza havuti ziwa. Mtoto ndiye anayevuta. Nepi zikiwa pungufu au uzito ukikwama, hapo ndipo nenda kituoni nesi aangalie mtoto anavyoshika ziwa, kabla ya kununua kopo.

Mama mkwe anasema tukikutana na mume wangu mtoto atabemendwa.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto anayesemwa kabemendwa, mwembamba, anayeharisha, asiyesimama kwa wakati, ana utapiamlo au maradhi, na akifichwa ndani kwa aibu ya wazazi anachelewa tiba. Mkatazo huo ulikuwa na kazi yake zamani: ulitenganisha mimba. Kazi hiyo leo ina njia nyingine. Ikiwa mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi, kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba kwa karibu asilimia 98. Sharti moja likivunjika, tumia njia nyingine. Mwambie mtoa huduma unanyonyesha, kwa sababu vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kupunguza maziwa.

Joto la kaskazi ni kali. Si apewe maji kidogo? Na nikitoka juani, maziwa si yamechemka?

Kabla ya miezi 6 hahitaji maji hata Februari. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 85 ni maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na maji unywe wewe. Maziwa hayachemki ziwani. Joto lake ni la mwili wako, juani na kivulini.

Narudi kazini. Nitafanyaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baadaye hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Peleka ombi kwa maandishi kabla likizo haijaisha.

Anza kukamua wiki mbili kabla. Osha mikono, kanda ziwa, weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Zunguka ziwa lote. Usiteleze vidole kwenye ngozi wala kuvuta chuchu. Siku ya kwanza utapata vijiko viwili, usikate tamaa.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Chumba cha Tanga mwezi Februari kinapita hapo, basi hesabu saa 2. Kwenye friji ni siku 4, yakae nyuma na si mlangoni. Kwenye friza, miezi 6. Pasha kwa kutumbukiza chombo kwenye maji ya uvuguvugu, usichemshe. Yakijitenga, krimu juu na maji chini, hayajaharibika. Zungusha chombo taratibu.

Ninaweza kufunga Ramadhani?

Dini imempa ruhusa mwenye kunyonyesha anayehofia nafsi yake au mtoto. Namna ya kulipa muulize shehe wako. Kwa upande wa mwili, mtoto wa chini ya miezi 6 anakutegemea wewe kwa kila tone. Ukiona kizunguzungu, mkojo wako umekuwa mweusi, au nepi zake zimepungua, fungua.

## Kopo

Nitayarishe vipi?

Osha mikono kwa sabuni. Osha kikombe au chupa na chuchu yake kwa brashi na sabuni, halafu vichemshe dakika 10 vikiwa vimezama kabisa, bila kiputo cha hewa ndani ya chupa.

Chemsha maji mapya hadi yatokote. Maji ya bomba, ya kisima na ya chupa ya dukani, yote yachemshwe. Epua, acha yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, ili yabaki angalau nyuzi 70. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu vilivyomo kwenye unga; wanaotumia maji yaliyolala kwenye mtungi wanaviacha hai.

Maji yatangulie, unga ufuate. Pima maji kwa mistari ya chupa iliyosimama mezani, macho yako yakiwa sawa na mstari. Tumia kijiko kilichotoka kwenye kopo hilohilo: kopo moja husema kijiko kimoja kwa mililita 30, jingine kwa 60. Jaza bila kushindilia, sawazisha kwa mgongo wa kisu safi. Tikisa, poza kwa kutumbukiza chupa kwenye bakuli la maji baridi, dondosha tone ndani ya kiwiko. Liwe vuguvugu tu.

Yaliyotayarishwa yatumike ndani ya saa 2. Aliyobakisha mtoto mwaga baada ya saa moja tangu aanze kunywa, mate yameshaingia. Kopo lililofunguliwa litumike ndani ya wiki nne, mahali pakavu, nje ya friji.

Usiku nitawasha jiko kila mara?

Chemsha saa 4 usiku, mimina moja kwa moja kwenye chupa ya chai nzuri iliyooshwa na isiyotumika kwa chai. Ijaribu kwanza: iliyochoka, kizibo kimelegea, haifikishi joto alfajiri. Pima unga mkavu kwenye vikombe safi vyenye mfuniko, dozi moja moja. Njia hiyohiyo inafaa ndani ya basi la Dar. Kutayarisha lita nzima jioni na kuiacha mezani ni kufuga vijidudu.

Nikipunguza kijiko kimoja kopo lifike mwisho wa mwezi?

Hapana. Huu ndio mtego mkubwa wa kopo. Mtoto anakunywa, tumbo linajaa, halii, na uzito haupandi. Maji yakizidi sana chumvi ya damu hushuka na anaweza kupata degedege. Kuzidisha unga nako kunamkausha mwili na kumfungisha choo. Ikiwa fedha inaelekea kuisha, soma swali la kurudi kunyonyesha hapa chini mapema, kopo likiwa bado limejaa.

Chupa au kikombe?

Kikombe kidogo kisicho na kona, hata kwa mtoto wa siku moja. Husafishika, chupa ina mifereji inayoficha maziwa. Mkalishe, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, ainamie na kulamba mwenyewe. Usimmiminie.

Naweza kuchanganya ziwa na kopo?

Unaweza, na ziwa kidogo ni bora kuliko bila ziwa. Toa ziwa kwanza, kopo baadaye, na kamua kila unapokosa kunyonyesha. Mwenye VVU asome swali linalofuata kabla.

## Hali za pekee

Nina VVU. Kopo si salama zaidi?

Kwa mazingira yetu mengi, hapana. Mama anayemeza ARV kila siku na virusi vimefubaa ana hatari ndogo sana ya kumwambukiza mtoto kwa ziwa, wakati kuhara kwa maji machafu kuna hatari kubwa. Nyonyesha maziwa pekee miezi 6, kisha endelea pamoja na chakula angalau hadi miezi 12. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unaruhusu hadi 24 au zaidi kwa anayeendelea na dawa. Mtoto apewe dawa ya kinga tangu kuzaliwa, apimwe akiwa na wiki 4 hadi 6. Kuchanganya kabla ya miezi 6 kuepukwe. Ukiruka dozi, sema kliniki siku hiyohiyo.

Ninaumwa malaria, au natumia dawa. Niache?

Mara nyingi hapana. Dawa ya mseto, parasetamo na amoksilini zinaenda pamoja na kunyonyesha. Dawa za saratani na iodini ya mionzi haziendi. Mtoto mwenye galaktosemia, ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao, hawezi kabisa maziwa ya mama.

Ziwa limevimba, limekuwa jekundu, nina homa.

Endelea kunyonyesha ziwa hilohilo. Maziwa yake hayamdhuru mtoto, na kuyaacha yakilala kunaweza kuleta jipu. Kitambaa cha baridi baada ya kunyonya, parasetamo, mapumziko. Saa 24 zikipita bila nafuu, nenda hospitali.

Mama amefariki. Shangazi anayenyonyesha anaweza kumchukua?

Anaweza, na ni zawadi kubwa. Apimwe VVU kwanza na arudie vipimo anavyoelekezwa. Kwa Waislamu watoto wanakuwa ndugu wa kunyonya na hawataoana, hivyo familia zote mbili zijue na jambo liandikwe, lisije likasahaulika miaka ishirini mbele.

Niliacha wiki tatu zilizopita. Ziwa linarudi?

Mara nyingi linarudi, kwa wengine lote, kwa wengine nusu. Mlaze mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mpe ziwa mara 8 hadi 12 kwa siku hata kama ni tupu, kamua baada ya kila mara. Wakati huo aendelee kupata kopo kamili kwa kikombe. Au tumia mrija mwembamba safi kutoka kwenye kikombe hadi kwenye chuchu, anyonye ziwa huku akipata maziwa ya kopo. Dalili huanza kati ya wiki moja na mbili. Punguza kopo kidogo kidogo, uzito wa mtoto ukipimwa kila wiki.

Kopo limeisha usiku, maduka yamefungwa, mtoto analia.

Kama ziwa bado lina tone, mpe. Usizimue mabaki na usimkorogee uji. Aliyezidi miezi 6 atavuka usiku kwa chakula chake na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kwa kikombe. Aliye chini ya hapo, tafuta duka la dawa linalokesha, au nenda naye kituo cha afya kinachopokea usiku. Usingoje kuche ikiwa utosi umebonyea, nepi imekauka kwa saa sita, amelegea au hawezi kuvuta: huyo ni wa hospitali, Bombo au iliyo karibu zaidi, muda huohuo.